Kuunganisha Seva kwa Mtandao wa Kasi: Mwongozo kwa Wanaojenga Klasta Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhandisi au msimamizi wa mifumo aliyepewa jukumu la kuunganisha seva kati ya 8 na 40 ziwe klasta moja ya ukokotoaji mkubwa, iwe ni chuoni, hospitalini, katika taasisi ya utafiti au katika kampuni iliyopo Dar es Salaam. Hauhusu intaneti inayotufikia kupitia mikongo ya baharini iliyoanza kutua pwani yetu mwaka 2009. Unahusu kebo na swichi (vifaa ambamo kebo za seva hukutana) zilizo ndani ya chumba kimoja, ambazo ndizo huamua kama seva ishirini zitafanya kazi kama kompyuta moja kubwa au zitabaki kuwa seva ishirini zinazosubiriana. Msimamo wangu, ambao utaonekana katika kila hatua, ni kwamba idadi ya gigabiti iliyoandikwa kwenye katalogi hutazamwa mwisho. Kwanza hutazamwa tabia ya kazi itakayoendeshwa, kisha njia ya data ndani ya seva yenyewe, kisha kebo, kisha hewa na umeme wa chumba. Anayeanza na katalogi hulipia kasi ambayo hataipata.

Hatua ya 1: Pima kazi kabla ya kuulizia bei

Mambo mawili hupimwa. La kwanza ni upana wa bendi, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja. La pili ni ucheleweshaji, yaani muda ambao ujumbe mdogo kabisa hutumia kutoka kwenye kumbukumbu ya seva moja hadi kwenye kumbukumbu ya seva nyingine. Basi la mwendokasi lenye nafasi nyingi huwafaa watu mia wanaokwenda Kivukoni kwa pamoja, lakini halimsaidii mtu mmoja anayelazimika kutoka Kimara na kurudi mara elfu moja, kila mara kwa ajili ya kuuliza swali moja. Huyo anahitaji safari fupi, hata kama chombo ni kidogo. Programu nyingi za sayansi zinafanana na mtu huyo.

Chukua mfano wa utabiri wa mvua za pwani kwa programu ya WRF. Tuseme gridi ina pointi 600 kwa 600 na tabaka 50 kwenda juu, nawe unaigawa kwa seva 16 zilizopangwa nne kwa nne. Kila seva itabeba kipande cha pointi 150 kwa 150, na katika kila hatua ya muda italazimika kuzipa seva jirani pointi zilizo mpakani. Ikiwa ukanda wa mpaka una upana wa pointi tatu na kila namba ina baiti 4, ujumbe huo ni wa baiti 90,000 kwa kila kigezo na kwa kila upande. Kwenye kiungo cha 1 Gb/s, yaani gigabiti moja kwa sekunde, utachukua mikrosekunde 720, kwenye 10 Gb/s mikrosekunde 72, na kwenye 100 Gb/s mikrosekunde 7 na kidogo. Hadi hapo katalogi inaonekana kusema kweli.

Lakini gridi hugawiwa kwa michakato, na seva moja yenye viini 32 vya prosesa huendesha michakato 32, yaani nakala 32 za programu zinazofanya kazi kwa pamoja. Gridi ile ile ikikatwa vipande 512, kila kipande huwa na pointi 37 kwa 19 hivi, na ujumbe wa upande mrefu hushuka hadi baiti 22,000 hivi, ambazo kwenye 100 Gb/s hupita kwa chini ya mikrosekunde 2. Sasa, ikiwa kila ujumbe unapitia TCP (utaratibu wa kawaida wa kupeleka data mtandaoni) na mfumo endeshi, na hivyo unabeba ucheleweshaji wa mikrosekunde 30, kununua 200 Gb/s badala ya 100 kutakuokolea chini ya mikrosekunde moja kati ya 32. Fedha hiyo ingefaa zaidi kununua teknolojia inayoshusha zile 30 hadi 1 au 2. Kadiri unavyoongeza seva kwa tatizo lile lile, ndivyo ujumbe unavyokuwa mdogo na ndivyo ucheleweshaji unavyotawala.

Mafunzo ya modeli za lugha yana tabia tofauti kabisa. Modeli ya vigezo bilioni moja, ikiwa na baiti 2 kwa kila kigezo, huzalisha gradienti (namba za kurekebishia vigezo) za gigabaiti 2 katika kila hatua, na seva 8 zinapozijumlisha kwa mzunguko wa duara, kila seva hutuma gigabaiti 3.5 hivi. Hiyo ni sekunde 28 kwenye 1 Gb/s, sekunde 2.8 kwenye 10 Gb/s, na sekunde 0.28 kwenye 100 Gb/s. Hapa upana wa bendi ndio kila kitu, na anayetaka kufundisha modeli ya Kiswahili kwa seva kadhaa hana budi kuulipia.

Kundi la tatu ni la kazi zinazojitegemea, kama vile uchambuzi wa jenomu ambapo kila sampuli ya mgonjwa huchakatwa peke yake bila kuhitaji chochote kutoka kwa sampuli nyingine. Kazi za namna hii huhitaji tu njia nzuri ya kwenda kwenye hifadhi ya data, na Etheneti ya 25 Gb/s inatosha. Taasisi yenye kazi za kundi hili peke yake isishawishiwe kununua kitu kingine.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji vifaa vipya. Endesha programu yako halisi kwenye seva 1, kisha 2, kisha 4, ukitumia hata mtandao wa 1 Gb/s uliopo, na utumie zana kama mpiP kuona ni asilimia ngapi ya muda inaishia kwenye mawasiliano na ujumbe wa kawaida una ukubwa gani. Andika matokeo, kwa sababu ndiyo yatakayotetea bajeti yako mbele ya kamati.

Hatua ya 2: Chagua familia ya mtandao

Etheneti ya kawaida inayotumia TCP ndiyo inayofahamika zaidi. Ilibuniwa na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox PARC mwaka 1973, na leo kasi zake rasmi zimefika 800 Gb/s. Udhaifu wake kwa kazi yetu ni kwamba kila pakiti hupita kwenye mfumo endeshi, ikatumia muda wa prosesa na kunakiliwa kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine.

InfiniBand ilianza kwa umoja wa kampuni ulioundwa mwaka 1999. Kiini chake ni RDMA, utaratibu unaoiwezesha kadi ya mtandao ya seva moja kusoma au kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya seva nyingine bila kuisumbua prosesa wala kupitia mfumo endeshi, na ndiyo maana ucheleweshaji wake kati ya programu na programu hukaribia mikrosekunde moja. Vizazi vyake hutajwa kwa herufi: FDR ni 56 Gb/s, EDR ni 100, HDR ni 200, NDR ni 400 na XDR ni 800. Mtengenezaji mkuu wa vifaa hivi, Mellanox, alinunuliwa na NVIDIA mwaka 2020, kwa hiyo vifaa vya zamani utavikuta kwa jina moja na vipya kwa jina jingine.

Njia ya kati ni RoCE, yaani RDMA inayosafiri juu ya Etheneti. Toleo lake la pili hutumia pakiti za UDP kwenye poti namba 4791. Kwenye karatasi inavutia, kwa kuwa swichi ni za Etheneti na kila fundi anazijua. Katika utekelezaji ina sharti gumu: RDMA haivumilii vizuri pakiti kupotea, na Etheneti kwa asili yake huruhusu pakiti kutupwa foleni inapojaa. Itakubidi upange udhibiti wa mtiririko kwa vipaumbele pamoja na alama za msongamano katika kila swichi na kila kadi, kwa thamani zinazokubaliana, na poti moja iliyosahaulika hutosha kuharibu utendaji wa klasta nzima bila kutoa ujumbe wowote wa kosa. InfiniBand haina tatizo hilo kwa sababu mtumaji hatumi mpaka mpokeaji amempa idhini kwamba ana nafasi.

Zipo pia Omni-Path, iliyoanzishwa na Intel na sasa ikiwa chini ya Cornelis Networks, na Slingshot ya HPE, inayounganisha kompyuta ya Frontier kule Oak Ridge, Marekani. Kwa klasta ya ukubwa tunaouzungumzia hapa sioni sababu ya kuzifuata, kwa vile utapata taabu ya vipuri na ya mtu wa kukusaidia.

Ushauri wangu kwa taasisi yenye wasimamizi mmoja au wawili ni kama ufuatao. Ikiwa kipimo cha hatua ya kwanza kimeonyesha ujumbe mdogo na mwingi, chukua InfiniBand ya kizazi kimoja au viwili nyuma ya kile cha sasa. Ikiwa kazi zinajitegemea, chukua Etheneti. RoCE iachie taasisi ambayo tayari ina mhandisi wa mtandao anayejua kusanidi foleni za swichi na ambaye hataondoka mwakani.

Hatua ya 3: Hakikisha seva inaweza kubeba kadi

Kadi ya mtandao huchomekwa kwenye tundu la PCIe, yaani njia inayounganisha kadi na prosesa ndani ya seva, na tundu hilo lina kikomo chake. PCIe ya kizazi cha tatu yenye njia 16 hubeba 126 Gb/s hivi, ya kizazi cha nne hubeba mara mbili yake, na ya tano mara mbili tena. Kadi ya 200 Gb/s ikiwekwa kwenye seva ya kizazi cha tatu haitazidi kikomo hicho hata ukinunua kebo ya dhahabu, na kadi ya 100 Gb/s ikichomekwa kwenye tundu lenye njia 8 tu za kizazi hicho itaishia chini ya 63 Gb/s. Matundu mengi yana umbo la njia 16 lakini ndani yameunganishwa njia 8, kwa hiyo soma mchoro wa ubao mama badala ya kuamini macho. Kadi ikishachomekwa, amri `lspci -vv` itaonyesha uwezo wa kadi kwenye mstari wa LnkCap na hali halisi kwenye mstari wa LnkSta. Mistari hiyo miwili isipolingana, chomoa kadi, safisha mguso, ichomeke tena au uhamie tundu jingine.

Katika seva yenye prosesa mbili, kadi huwa karibu na prosesa moja na mbali na nyingine. Andika kadi iko upande upi, kwa sababu utahitaji taarifa hiyo wakati wa kupima na wakati wa kupanga michakato.

Hatua ya 4: Chora mtandao

Kanuni ya kwanza ni kutumia swichi moja kila inapowezekana. Swichi za InfiniBand za EDR huwa na poti 36, za HDR poti 40, na za NDR hubeba poti 64 za 400 Gb/s. Seva 40 zinaenea zote kwenye swichi moja ya HDR, na hapo mchoro wako umekwisha, ingawa hakutabaki hata poti moja kwa ajili ya hifadhi ya data. Panga idadi ya seva ukikumbuka hilo.

Ukizidi swichi moja, utakutana na muundo ambao mizizi yake ni kazi ya Charles Clos wa Bell Labs aliyoichapisha mwaka 1953 kuhusu mitambo ya simu, na ambao Charles Leiserson aliuleta kwenye kompyuta mwaka 1985 kwa umbo la mti unaonenepa kuelekea kwenye shina. Swichi za chini hupokea seva kwa nusu ya poti zake na kupeleka nusu nyingine juu, ili kila seva iweze kuongea na nyingine yoyote kwa kasi kamili. Kwa swichi za poti 36, seva 40 zingehitaji swichi tatu chini na mbili juu. Hiyo ni swichi tano kwa sababu ya seva nne zilizozidi, na wauzaji wengi hupendekeza hivyo bila kusita.

Kuna njia nyepesi. Chukua swichi mbili tu, weka seva 20 kwenye kila moja, na uunganishe swichi hizo moja kwa moja kwa poti 16 zilizobaki katika kila upande. Hata seva zote 20 za upande mmoja zikiamua kuongea na upande wa pili kwa wakati mmoja, zitagawana viungo 16, na hilo kwa nadra sana huonekana katika kazi halisi, hasa ukiagiza mpangaji wa kazi kama Slurm ajitahidi kuiweka kazi moja ndani ya swichi moja. Fedha ya swichi tatu zilizookolewa inunue kebo za akiba na betri.

Usisahau mtandao wa pili, wa 1 Gb/s, kwa ajili ya kuwasha na kuzima seva kwa mbali, kusakinisha mfumo na kuingia kama msimamizi. Mtandao wa kasi ukikwama, huo ndio utakaokuwezesha kuutengeneza.

Wapo pia wanaouliza kama klasta moja inaweza kugawanywa kati ya majengo mawili ya mbali jijini. Mwanga ndani ya faiba hutumia nanosekunde 5 hivi kwa kila mita, kwa hiyo kilomita 10 za faiba ni mikrosekunde 50 za kwenda tu, kabla ya kuhesabu swichi yoyote. Kwa kuhamisha mafaili hakuna shida. Kwa kazi ya ujumbe mdogo na mwingi haiwezekani, na hakuna kifaa cha kununua kitakachobadilisha kasi ya mwanga.

Hatua ya 5: Chagua kebo kwa kipimo cha mita

Katika hatua hii ndipo matatizo mengi yasiyoeleweka huzaliwa, nami naomba msomaji aisome polepole. Kebo za mtandao wa kasi ni za aina tatu. Ya kwanza ni kebo ya shaba yenye vichwa vilivyofungwa kiwandani, ambayo wahandisi huiita DAC. Haili umeme wa maana, haina leza ya kuchoka, ni nafuu, na kwa 100 Gb/s hufaa hadi mita 3 hivi, lakini kwa 400 Gb/s urefu wake hupungua hadi kama mita 2. Ya pili ni AOC, yaani kebo ya faiba ambayo vichwa vyake vyenye leza vimeunganishwa nayo kabisa, inayofaa makumi ya mita. Ya tatu ni moduli za leza zinazonunuliwa peke yake na kuunganishwa kwa faiba ya kawaida: moduli ya SR4 ya 100 Gb/s hufika mita 100 kwenye faiba ya OM4, ambayo ni ya njia nyingi, na LR4 hufika kilomita 10 kwenye faiba ya njia moja.

Kwa klasta inayoenea kwenye kabati moja au mawili yaliyo jirani, weka swichi katikati ya kabati badala ya juu kabisa, pima kwa utepe njia halisi ambayo kila kebo itapita ukijumlisha mikunjo ya pembeni, kisha uagize DAC ya urefu unaofuata. Mita 3 hazifiki mbali kama zinavyosikika, kwa sababu kebo hushuka pembeni mwa kabati, hupinda, halafu hurudi ndani. Kebo za shaba za kasi hii ni nene na hazipendi kupindwa kwa nguvu. Kebo iliyokunjwa kwa kamba ya plastiki mpaka ikabonyea inaweza kuwaka taa ya kijani na bado ikatoa makosa kila dakika. Funga kwa utepe wa kunata, na usikaze.

Ukitumia faiba, mambo matatu hayana mjadala. Kwanza, kagua na usafishe uso wa kila kiunganishi kabla ya kukichomeka, hata kama kimetoka sasa hivi kwenye mfuko wake, kwa kuwa kiini cha faiba ya njia nyingi kina kipenyo cha mikromita 50 na cha njia moja mikromita 9 hivi, na chembe moja ya vumbi inatosha kukiziba. Pili, viunganishi vya MPO, vinavyobeba nyuzi kadhaa kwa pamoja, vina mpangilio wa nyuzi. Ili moduli mbili za SR4 ziongee moja kwa moja unahitaji kebo ya aina B, isiyo na pini, kwa kuwa pini ziko kwenye moduli. Tatu, viunganishi vilivyosuguliwa kwa mshazari visichanganywe na vilivyosuguliwa kwa unyoofu.

Agiza akiba. Kebo ya kawaida ya ofisini ikikatika utaipata Kariakoo siku hiyo hiyo, lakini usitarajie kuikuta DAC ya 100 Gb/s dukani. Mimi hupendekeza kebo moja ya ziada kwa kila kebo kumi, kadi mbili za ziada, na kifaa kimoja cha ziada cha kulisha umeme swichi. Bajeti isiyobeba akiba hiyo ni bajeti ya klasta itakayosimama kwa wiki kadhaa ikisubiri mzigo.

Hatua ya 6: Andaa chumba kwa joto, unyevu na umeme wa hapa

Mwongozo wa ASHRAE, jumuiya ya Marekani ya wahandisi wa viyoyozi, unapendekeza hewa inayoingia kwenye vifaa iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Dar es Salaam ina joto mwaka mzima na hewa ya bahari iliyojaa unyevu, hasa wakati wa masika, kwa hiyo kiyoyozi kinafanya kazi mbili, kupoza na kukausha, na ni lazima kiwe na mwenzake wa kupokezana naye.

Hatari kubwa zaidi ya unyevu hutokea pale kifaa baridi kinapokutana na hewa ya joto. Umeme ukikatika na milango ikafunguliwa ili chumba kipate hewa, hewa ya nje huingia na kuacha umande kwenye kila kilicho baridi. Weka amri iliyoandikwa mlangoni kwamba milango haifunguliwi kwa sababu hiyo; badala yake, klasta izimwe kwa utaratibu. Vilevile, mzigo ukifika kutoka uwanja wa ndege, uache ndani ya maboksi kwenye chumba kile kile kwa saa kadhaa hadi ulingane na joto la chumba, ndipo ufunguliwe.

Chumvi ya bahari hula mguso wa kebo polepole, na jengo la Masaki, Kunduchi au Kigamboni lina hatari zaidi kuliko la Kibamba. Kila poti isiyotumika iachwe na kifuniko chake, kila moduli iliyotolewa ivalishwe kifuniko papo hapo, na hewa ya nje ichujwe kabla ya kuingia.

Swichi huuzwa kwa pande mbili za upepo: nyingine huvuta hewa kutoka upande wa poti na kuitoa upande wa umeme, na nyingine hufanya kinyume. Katika kabati nyingi za seva swichi hufungwa poti zikitazama nyuma, mahali ambapo seva hutoa hewa ya moto na ambapo kadi za mtandao zipo. Ukiagiza swichi inayovuta kutoka upande wa poti, itakuwa inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na seva. Agiza inayovuta kutoka upande wa umeme na kutoa upande wa poti, na uandike sharti hilo kwenye hati ya zabuni, kwa kuwa kubadilisha feni baadaye ni gharama isiyo ya lazima.

Kuhusu umeme, swichi iwe na vifaa viwili vya kulishia, kimoja kwenye UPS (betri inayoshika umeme unapokatika) na kingine kwenye UPS ya pili au kwenye njia nyingine ya jengo. Swichi hula umeme kidogo ikilinganishwa na seva, kwa hiyo hata kama bajeti haitoshi kuzilinda seva zote mpaka jenereta liwake, ilinde swichi na hifadhi ya data. Umeme ukirudi, utaratibu wa kuwasha uwe huu: swichi, kisha seva inayosimamia mtandao, kisha hifadhi, na seva za kukokotoa mwisho.

Hatua ya 7: Agiza

Taasisi ya umma itapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na hati ya zabuni inapaswa kueleza utendaji unaotakiwa badala ya jina la bidhaa. Andika ucheleweshaji, kasi kwa kila poti, idadi ya poti, urefu wa kila kebo, upande wa upepo, na kipimo cha makabidhiano kilichoelezwa katika hatua ya 9, ili malipo ya mwisho yafuate matokeo. Wasiliana na wakala wa forodha kabla ya mzigo kusafiri. Ukinunua vilivyokwisha kutumika, hakikisha kwanza kwamba draiva ya kadi (programu inayoiwezesha Linux kuitumia) bado inapatikana kwa toleo la Linux unalokusudia, kwa kuwa kadi za zamani hubaki nzima kwa miaka mingi baada ya programu zake kuachwa.

Hatua ya 8: Funga na uwashe

Weka femuwea (programu ya ndani ya kadi) ya toleo moja kwenye kadi zote na draiva ya toleo moja kwenye seva zote. Kisha endesha `ibstat`, amri inayoonyesha hali ya kadi. Ikiwa hali ya kimwili ni Polling, kebo haijashika au ni mbovu. Ikiwa hali ya kimwili ni LinkUp lakini hali ya poti ni Initializing, kebo ni nzima ila mtandao hauna msimamizi: InfiniBand haifanyi kazi mpaka programu ya kusimamia mtandao, kama OpenSM, iwe inaendeshwa mahali fulani. Ziendeshe mbili, kwenye swichi yenye uwezo huo au kwenye seva mbili tofauti, kwa vipaumbele tofauti, ili moja ikifa nyingine ishike.

Ruhusu programu kufunga kumbukumbu bila kikomo kwa kuweka `memlock unlimited` kwenye faili la `/etc/security/limits.conf`, na ikiwa unatumia Slurm, weka pia `LimitMEMLOCK=infinity` kwenye huduma ya slurmd, sehemu ya Slurm iliyo kwenye kila seva, kwa sababu huduma zinazowashwa na systemd (programu ya Linux inayowasha huduma) hazisomi faili lile. Wengi huweka la kwanza, wakasahau la pili, halafu wakashangaa kwa nini kazi inakwenda vizuri wakiiendesha kwa mkono na inakataa wakiipitisha kwenye foleni. Mwisho, weka prosesa kwenye hali ya utendaji kamili, kwa vile prosesa inayosinzia ili kuokoa umeme huongeza ucheleweshaji.

Hatua ya 9: Pima kabla ya kukubali

Anza na `iblinkinfo`, inayoorodhesha kila kiungo na kasi yake. Kila kiungo kiwe na upana wa 4X, yaani njia nne, na kasi ya kizazi chako. Kimoja kikiwa cha 1X au cha kizazi cha chini, badilisha kebo kabla ya kuendelea. Kisha pima kila jozi ya seva kwa `ib_write_bw` na `ib_write_lat`. Kwenye EDR tarajia zaidi ya 90 Gb/s na ucheleweshaji wa karibu mikrosekunde moja. Ukipata nusu ya kasi, rudi hatua ya 3. Ikiwa matokeo hubadilika kila unaporudia, funga jaribio kwenye prosesa iliyo karibu na kadi kwa `numactl`.

Kwa Etheneti tumia `iperf3`, ukikumbuka kwamba matoleo ya kabla ya 3.16 hutumia kiini kimoja tu cha prosesa na hivyo huonyesha kasi ndogo kuliko iliyopo. Endesha michakato kadhaa kwa pamoja.

Baada ya hapo pima kwa MPI, maktaba ambayo michakato huitumia kupeana ujumbe, ukitumia vipimo vya OSU kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Kipimo cha `osu_latency` kikikupa mikrosekunde 30 au zaidi mahali ambapo `ib_write_lat` ilikupa moja, MPI yako haitumii mtandao wa kasi kabisa. Imerudi kimyakimya kwenye TCP, pengine kupitia ule mtandao wa 1 Gb/s wa usimamizi. Hili ni tatizo la kawaida mno kwenye klasta mpya, na kwa kuwa kazi bado zinamalizika na majibu ni sahihi, linaweza kuishi miaka bila kugunduliwa. Kagua kwa `ucx_info -d` kama kadi inaonekana, na uhakikishe MPI ilijengwa pamoja na UCX, maktaba inayoiunganisha na mtandao wa kasi.

Kipimo cha mwisho ni ile programu yako ya hatua ya kwanza, kwa seva 1, 2, 4, 8 na zote. Weka matokeo kando ya yale ya mwanzo, na uyatie kwenye hati ya makabidhiano.

Hatua ya 10: Fuatilia

Endesha `ibqueryerrors` kila siku kwa ratiba na uhifadhi matokeo. SymbolErrorCounter inayopanda kwenye poti moja ni kebo au mguso unaochakaa, na katika mji huu mara nyingi kusafisha na kuchomeka upya hutosha kwa muda. LinkDownedCounter inayopanda inaonyesha kiungo kinachoanguka na kuinuka. PortXmitWait ni jambo jingine: inahesabu muda ambao poti ilikuwa na data ya kutuma lakini haikupata idhini, yaani msongamano, na tiba yake ni kupanga upya kazi au kuongeza viungo kati ya swichi, kubadilisha kebo hakutasaidia. Kwa Etheneti, `ethtool -S` huonyesha pakiti zilizotupwa na ishara za kusimamisha mtumaji, na `ethtool -m` huonyesha nguvu ya mwanga ya moduli, ambayo ikishuka mwezi hadi mwezi hukupa muda wa kuagiza moduli nyingine kabla iliyopo haijafa. Hesabu za makosa zifutwe baada ya kila ukarabati, na tarehe iandikwe, ili msimamizi atakayekuja baada yako ajue makosa anayoyaona ni ya lini.